Maswali ya wasomaji: Kusafisha mwili kwa mazao ya msimu

SWALI: Nataka kula mazao ya msimu tu kwa siku 7 ili kuondoa sumu mwilini. Je, nianze na siku 3 za juisi?

JIBU: Hizo siku 3 za juisi ziache. Sumu huondolewa na ini na figo, usiku na mchana. Figo huchuja takriban lita 180 za maji kutoka kwenye damu kila siku, na hakuna juisi inayoziongezea kasi. Tena ukikamua na kuchuja, unatupa pamoja na makapi nyuzinyuzi, ambazo ndizo hulainisha choo na kuzuia sukari isiingie kwenye damu kwa pupa.

Wiki yenyewe ni nzuri, mradi ule chakula kizima. Nusu ya sahani iwe mboga, robo nafaka isiyokobolewa au viazi, robo iliyobaki maharagwe, dengu, mayai au samaki. Matunda na mboga kwa jumla visipungue gramu 400 kwa siku, na viazi havimo kwenye hesabu hiyo. Pombe, soda na vitafunwa vya chumvi nyingi weka kando. Wengi huiondoa robo ya protini wakidhani ndiyo inayochafua mwili, kisha siku ya tatu wanaishiwa nguvu na kuacha mpango wote. Mtu wa kilo 60 anahitaji angalau gramu 48 za protini kwa siku.

Kama hukuzoea maharagwe, anza na nusu kikombe yakiwa yameiva, la sivyo tumbo litajaa gesi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya, kisha yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguza moto na kuyaacha yaive. Hapa hatutanii: maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu hasa, na hukutapisha ndani ya saa chache.

Mboga za majani nunua za siku 2 au 3 tu, kwa kuwa vitamini C hupungua zikikaa kwenye joto. Zipike kwa mvuke au maji kidogo, dakika 3 hadi 5. Msimu wake ukipita, zilizogandishwa zinafaa vilevile.

SWALI: Niko siku ya nne. Kichwa kinaniuma tangu juzi, rafiki anasema ni sumu zinatoka. Nimepungua kilo 2. Niendelee?

JIBU: Uliacha kahawa au chai ghafla? Basi hicho ni kichwa cha kukosa kafeini. Huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho na huweza kudumu hadi siku 9. Rudia kikombe kimoja, kisha punguza robo kila baada ya siku 2. Kilo 2 hizo nyingi ni maji: kila gramu ya wanga uliohifadhiwa mwilini hushikilia takriban gramu 3 za maji, na akiba hiyo ikitumika maji huondoka nayo. Ukirudia kula kawaida, uzito utapanda tena. Kizunguzungu au moyo kwenda mbio vikikupata, acha na umwone daktari.

SWALI: Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mama yangu ana ugonjwa wa figo. Tunaweza kufuata mpango huu?

JIBU: Msianze kabla ya kuzungumza na daktari. Mboga za kijani zina vitamini K nyingi, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Kinachohitajika ni kula kiasi kilekile kila siku, si kuzidisha ghafla wiki moja. Kwa mama, tatizo ni potasiamu iliyo kwenye ndizi, machungwa, nyanya na viazi: figo dhaifu zikishindwa kuitoa, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Juisi ya spinachi asiiguse kabisa, kwani ina oksaleti nyingi inayoweza kuziumiza figo zaidi. Anayetumia insulini naye asipunguze wanga bila kupangiwa dozi upya, maana sukari yake inaweza kushuka hadi azimie.