Dogo asisaini kwanza! Rejista ya California haiondoki kwa hoja ya "usawa mbele ya sheria"

Mkuu, mpigie mdogo wako leo hii umwambie asisaini. Mengine yatafuata.

Umeandika kwamba mwendesha mashtaka huko California amempa ofa: akiri kosa, asifungwe, ila aingie kwenye rejista ya wakosaji wa ngono, yaani orodha ya serikali ya watu waliopatikana na hatia ya makosa ya ngono. Na kuna mtu amewahakikishia kwamba asaini tu, kwa kuwa kumsajili mtu kwa lazima kunavunja Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, usawa mbele ya sheria, kwa hiyo jina litakuja kuondolewa mahakamani bila shida. Nimesoma nikatetemeka, maana ushauri huohuo alipewa mpwa wangu mwaka 2016, na mpaka leo yumo kwenye rejista.

Kosa lenyewe la mpwa wangu silielezi. Kuna binti na familia yake, waachwe na utulivu wao.

Aliyetushauri hakuwa wakili. Ni mtu wa kwetu anayejaza fomu za watu kwa malipo, na watu wanamwita "mwanasheria" naye anaitika. Alikuja na karatasi mkononi: kesi ya People v. Hofsheier, Mahakama ya Juu ya California, 2006. Kesi ipo, hakuitunga. Majaji walikuta kwamba mtu aliyepatikana na hatia ya ngono ya mdomo na kijana wa miaka 16 au 17 alisajiliwa kwa lazima, wakati aliyejamiiana na kijana wa umri uleule aliachiwa jaji amwangalie na kuamua. Wakasema hao ni watu wa hali moja, na kuwatofautisha hivyo hakuna sababu ya maana. Baada ya hapo wako waliotoka kwenye rejista kwa kuitegemea kesi hiyo.

Sasa sikia alichotuficha, au ambacho hakujishughulisha kukitafuta. Januari 2015 mahakama hiyohiyo iliutengua uamuzi wake katika Johnson v. Department of Justice. Yaani mpwa wangu anasaini 2016 akitegemea kesi iliyokwisha kufa mwaka mmoja nyuma! Mtu anachukua pesa ya mama wa watu, dada yangu, kwa karatasi ambayo mwanafunzi yeyote wa sheria angemwambia haifanyi kazi tena. Tulipomrudia akasema "sheria hubadilika". Ilibadilika kabla hajafika kwetu, bwana!

Na elewa kwa nini ilitenguliwa, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Watu husikia "usawa" wakadhani ukionyesha tu kwamba wawili wametendewa tofauti, umeshinda. Sivyo. Kwa mambo ya rangi ya mtu, mahakama za Marekani huibana serikali vikali sana. Kwa rejista hii kipimo ni chepesi mno: je, kuna sababu yoyote ya kimantiki ambayo bunge lingeweza kuwa nayo? Serikali haihitaji hata kuthibitisha kwamba ndiyo sababu iliyokuwa kichwani mwa wabunge. Mzigo uko kwako wewe unayelalamika, uonyeshe kwamba hakuna sababu hata moja inayofikirika. Mwaka 2015 majaji walisema kujamiiana kunaweza kuleta mimba, na bunge lingeweza kuona kwamba baba akisajiliwa atakosa kazi na mtoto atakosa matunzo. Ukiona sababu hiyo dhaifu, hata mimi naiona dhaifu. Ilitosha.

Najua mtakuja na kesi ya jimbo la Louisiana. Ndiyo, mwaka 2012 jaji wa shirikisho huko New Orleans aliwapa ushindi walalamikaji waliosajiliwa kwa sababu ya kuuza ngono. Lakini Louisiana ilikuwa na sheria mbili zinazoadhibu kitendo kilekile. Ukipatikana na hatia kwa ile ya ukahaba, ulikuwa husajiliwi. Ukipatikana na hatia kwa ile ya "kosa dhidi ya maumbile", ulisajiliwa, na leseni yako ya udereva iliandikwa MKOSAJI WA NGONO kwa herufi za rangi ya machungwa. Hapo hapakuwa na mantiki ya kujificha nyuma yake. Na hata hivyo waliofungua kesi walikuwa tisa tu. Wenzao, watu wapatao 700, walisubiri kesi nyingine iliyomalizika kwa makubaliano mwaka 2013. Miaka yote hiyo wamebeba zile leseni.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja na sitaubadilisha: namba ya kifungu kabla ya saini. Kila kifungu anachoombwa akiri, wakili akiangalie kama kimo kwenye orodha ya kifungu cha 290 cha Sheria ya Adhabu ya California. Kikiwemo, apiganie kingine sasa hivi, wakati mwendesha mashtaka bado anataka kumaliza kesi. Akishasaini hana cha kumpa. Asidanganywe pia na jibu la "sipingi mashtaka", yaani kukubali adhabu bila kusema umekosa. Kwa rejista hiyo ni hatia kamili. Wala na kusafishiwa hukumu kwa kifungu cha 1203.4, maana wajibu wa kujisajili unabaki. Mpwa wangu aliambiwa yote mawili.

Tangu 2021 kuna nafuu ambayo sisi hatukuwa nayo, na imetoka bungeni. Rejista sasa ina madaraja, miaka 10, miaka 20 au maisha, na muda ukiisha mtu anaomba mwenyewe kutolewa. Sheria nyingine iliyoanza mwaka huohuo imempa jaji uamuzi kwa baadhi ya makosa ambayo usajili wake ulikuwa wa lazima, tofauti ya umri isipozidi miaka 10, pamoja na masharti mengine. Muulize wakili wa kweli kama dogo anaingia humo. Hana pesa? Mahakama humpa wakili wa umma bure. Na kama hana uraia, amuulize kwa maandishi kuhusu kufukuzwa nchini. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika Padilla v. Kentucky, mwaka 2010, wakili analazimika kumshauri hilo.

Mkuu, hujasema tarehe ya kurudi mahakamani ni lini. Iweke hapa, na namba ya kifungu. Jina lake usiliweke.