Uliza Mkunga: Tarehe za hedhi zikisogea, je, mzunguko umeharibika?

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Nina umri wa miaka 27 na ninauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa katika makambi ya visiwa vya Ukerewe. Huondoka siku za giza zinapoanza na kurudi nyumbani mbalamwezi inapokuwa kali. Tumetafuta mtoto kwa mwaka mzima bila kufanikiwa. Nimeambiwa kuwa mwanamke hushika mimba siku ya 14, nami huihesabu, lakini hedhi yangu inaruka: mwaka huu nimeiona 12 Machi, 14 Aprili, 17 Mei na 18 Juni. Kuna wakati ilikuwa ikija pamoja na mwezi kuandama, na sasa imeachana nao kabisa. Mawifi zangu wameanza kusema kuwa mimi ni mgumba. Je, kizazi changu kimeharibika?
Msomaji, Ilemela

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba hedhi yako hairuki. Tarehe nne ulizoniandikia ndizo ushahidi. Mzunguko huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kutokwa damu hadi siku inayotangulia damu inayofuata, na ukihesabu hivyo utaona kuwa kutoka 12 Machi hadi 14 Aprili ni siku 33, kutoka hapo hadi 17 Mei ni siku 33, na kutoka 17 Mei hadi 18 Juni ni siku 32. Huo ni mzunguko uliotulia, tena uliomo ndani ya kiwango cha kawaida cha mwanamke mtu mzima, yaani siku 21 hadi 35. Kinachosogea ni tarehe ya kalenda tu, kwa kuwa miezi hiyo ya kalenda ina siku 30 au 31 na mwili wako una hesabu yake.

Hata mwezi wa mbinguni una hesabu yake. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu, kwa hiyo mwanamke mwenye mzunguko wa siku 33 huachwa nyuma na mwezi kwa siku tatu na nusu hivi kila mara. Ndiyo maana hedhi yako iliwahi kukutana na mwandamo, kisha ikaachana nao, na baada ya mizunguko minane au tisa watakutana tena. Bibi zetu walipoiita hedhi "mwezi" walikuwa na kipimo kizuri cha kukadiria, lakini kukadiria hakutoshi kwa mtu anayetafuta mtoto.

Sasa nije kwenye hiyo siku ya 14, ambayo imewapotosha wanawake wengi ninaowahudumia. Yai la mwanamke halitoki siku ya 14 ya kila mzunguko. Hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, yaani huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Jambo hili lilibainishwa na madaktari wawili, kila mmoja akifanya utafiti wake peke yake, Kyusaku Ogino wa Japani mwaka 1924 na Hermann Knaus wa Austria mwaka 1928. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 hesabu zote mbili huangukia siku moja, na hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa. Kwako wewe, hedhi inayofuata inatarajiwa 20 au 21 Julai, hivyo yai linatarajiwa kutoka karibu na 6 au 7 Julai. Siku ya 14 uliyokuwa ukiihesabu ni 1 Julai. Yai huishi kwa saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za mwanamume zinaweza kuishi mwilini mwako hadi siku tano zikilisubiri. Basi siku zako za rutuba ni kuanzia 1 hadi 7 Julai, na zenye nafasi kubwa zaidi ni zile mbili au tatu za mwisho kabla ya yai kutoka. Mtaani siku hizi huitwa "siku za hatari", jina ambalo limewafanya mabinti wengi waliogope jambo ambalo wangepaswa kulielewa.

Unganisha hayo na kazi ya mumeo, nawe utaona shida ilipo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mumeo yuko nyumbani mbalamwezi inapowaka, na siku zako za rutuba husogea siku tatu na nusu kila mzunguko zikiufuata au kuuacha mwanga huo. Ipo miezi ambayo zimemkuta nyumbani, na ipo miezi kadhaa mfululizo ambayo zimemkuta kambini. Huo mwaka mmoja mnaouhesabu, kwa kweli ni mizunguko michache tu, na katika hiyo michache ulikuwa ukilenga ukingo wa mwanzo. Sioni msingi wowote wa mtu kukuita mgumba.

Chukua daftari, uandike siku ya kwanza ya damu, siku ilipokoma, na siku zote ulizougua, kwa sababu homa ya malaria, safari au mawazo mazito vinaweza kuchelewesha yai, na hedhi nayo ikachelewa. Programu za simu husaidia, ila hukisia kwa wastani wa miezi iliyopita na hazijui kuwa wiki jana ulikuwa na homa. Mwili wako unajua. Angalia ute wa ukeni: siku za rutuba zinapokaribia huwa mwembamba, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku, kisha yai likishatoka huwa mzito au hukauka. Mkiuona ute huo, kutaneni kila siku au siku moja baada ya nyingine, hata ikibidi upande kivuko umfuate mumeo kisiwani kwa siku tatu nne. Nendeni pia kituo cha afya mkapimwe, na nasema "nendeni" kwa makusudi, kwa kuwa mara nyingi sababu huwa upande wa mwanamume na kipimo chake ni chepesi kuliko vyako. Hesabu hii ninakupa kwa ajili ya kutafuta mimba. Anayetaka kuizuia aende kwa mtoa huduma apewe njia ya uhakika zaidi.

SWALI: Binti yangu ana miaka 14 na alivunja ungo mwaka jana. Hedhi yake ilikuja baada ya siku 26, kisha baada ya siku 41, na katikati aliona matone ya damu. Bibi yake anataka kumpa dawa za mitishamba.
Mama, Misungwi

JIBU: Katika miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida, kwa kuwa mwili bado unajifunza kutoa yai. Dawa za mitishamba hazihitajiki kwa hilo. Mpeleke kituoni akipitisha siku 90 bila hedhi, damu ikizidi siku saba, au akilowesha pedi nzima kila baada ya saa moja au mbili.

Hayo matone ya katikati yanaweza kutokana na ujana wake tu, lakini huko kwenu kuna mabwawa na majaruba ya mpunga, na ndiko kichocho cha mkojo kinakopatikana. Mayai ya minyoo yake hayakai kwenye kibofu peke yake. Huweza kujeruhi uke na mlango wa kizazi, na kuleta damu isiyo ya hedhi. Muulize kwa upole kama ameona damu kwenye mkojo au ana muwasho. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa katika vituo vya afya. Mkifika huko, mweleze tabibu waziwazi kwamba binti huoga au huchota maji bwawani, kwa sababu asipoambiwa huenda akatafuta magonjwa mengine na hili akaliacha.