Jibu: Kiwiko ni bawaba, mbona kiganja kinageuka?

Habari za jioni, ndugu. Umeuliza: kitabu cha mwanao kinasema kiwiko ni kiungo bawaba, kinakunja na kukunjua tu kama mlango, sasa mbona kiganja kinageuka juu na chini? Swali hilihili lilinitoa jasho nikimsomesha mpwa wangu hapa Ngamiani, mpaka tukamtazama mama yake anavyogeuza nazi kwenye mbuzi.

Kwanza angalia mkono umekaaje. Mwanao abane kiwiko ubavuni, akikunje, ashike kijiko. Akiunyoosha mkono, bega nalo litazunguka na kuwachanganya, maana lile ni tufe ndani ya kikombe, linakwenda kila upande.

Sasa ageuze kijiko. Gusa ncha ya kiwiko: imetulia. Hamisha kidole upande wa nje, chini kidogo ya lile fundo la mfupa lililojitokeza hapo. Utasikia kichwa cha mfupa kikizunguka! Huo ni mfupa wa upande wa kidole gumba, ambao huvuka juu ya mwenzake kiganja kikitazama chini. Hapo pana kiungo egemeo, yaani kinachouacha mfupa uzunguke papo hapo, na kingine cha namna hiyo kiko karibu na kiganja.

Kinachopoteza watu ni kwamba pale kiwikoni viungo vitatu vimefungwa ndani ya mfuko mmoja wenye ute, ncha za mifupa zimevikwa gegedu (ile tishu ngumu yenye kuteleza), nasi tunaviita vyote "kiwiko".

Kwenye mtihani aandike bawaba, asibishane. Hilo jina "egemeo" amuulize mwalimu wake, wengine husema "kiungo mzunguko".