Usiandike "Hakuna" Kwenye Fomu ya Mtoto Wako

Wiki iliyopita mama mmoja wa mtaa wa Katuba aliniandikia akiuliza nilifanyaje hadi mwanangu, kijana wa miaka 15 mwenye usonji, ambao wengi wetu hapa Lubumbashi bado tunauita otisimu, akapokelewa katika shule ya sekondari ya watoto wenye mahitaji maalumu. Binti yake amemaliza shule ya msingi, shule tatu zimekwisha kumkataa, na Septemba inakaribia. Nimeona nimjibu hapa, kwa sababu najua wako wengine wanaolala na swali hilohilo, na kwa sababu furaha niliyo nayo bado haijapata mtu wa kuisikiliza hadi mwisho.

Mama mwenzangu, kosa langu litakufaa kuliko mafanikio yangu, kwa hiyo naanza nalo. Miaka 2 iliyopita mwanangu alifaulu mtihani wa mwisho wa darasa la 6, nami nikamwandikisha darasa la 7 katika shule ya kawaida. Kwenye fomu palikuwa na mstari unaouliza kama mtoto ana tatizo lolote la afya. Niliandika neno moja: hakuna. Ripoti ya daktari ilikuwa ndani ya mkoba wangu wakati naandika. Niliogopa kwamba prefe, yaani mkuu wa shule, akiisoma atanirudishia dosie yangu, faili la maombi, pale pale, na nilijidanganya kwamba mtoto akishaingia darasani watamzoea kama alivyozoeleka shule ya msingi, ambako mwalimu alikuwa mmoja mwaka mzima na alimjua. Sekondari walimu hubadilika kila somo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambiwa lolote, kwa sababu mimi ndiye niliyewanyima.

Alidumu mpaka mvua za Novemba. Shati lake jeupe la sare lilikuwa na kola ngumu iliyomkera shingoni tangu siku ya kwanza, nasi tulikuwa tukimlazimisha kulivaa kila asubuhi. Siku hiyo mvua ilipiga mabati ya darasa kwa nguvu hata sauti ya mwalimu ikapotea, na mwanangu akavua shati, akaingia chini ya dawati na kuziba masikio huku akipiga kelele. Wenzake walicheka. Mwalimu akadhani ni utovu wa adabu, akamvuta mkono, naye akamng'ata. Nilipofika, vitu vyake vilikuwa vimewekwa nje ya mlango wa ofisi.

Jioni ileile mtu wa ukoo wetu alisema, mbele ya wadogo wa mwanangu, kwamba huyo mtoto ana ulozi, yaani uchawi, na apelekwe kuombewa. Neno hilo halijanitoka. Usonji ulielezwa kitaalamu na daktari Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943, akiwa amewachunguza watoto 11. Ni namna ambavyo ubongo wa mtoto unakua tangu mwanzo, haukuletwa na laana, wala na chanjo, wala na malezi ya mama. Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto ulozi, na sheria ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu. Ukisikia neno hilo nyumbani kwako, lizuie siku hiyohiyo, hata kama anayelitamka ni mkubwa wako. Mimi nilinyamaza kwa heshima, na mtoto alikuwa anasikia.

Mwaka uliofuata alikaa nyumbani, na sitausimulia.

Shule iliyompokea ilinikataa pia mara ya kwanza. Nilikuwa nimepeleka cheti cha kuzaliwa, buletini ya alama zake za shule na ripoti ya daktari, pamoja na nakala ya sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya haki za watu wenye ulemavu, nikiamini kwamba sheria itazungumza kwa niaba yangu. Ni sheria njema na uijue. Lakini ripoti ilisema usonji, basi, na neno hilo moja halimwambii mwalimu atafanya nini saa 4 asubuhi mtoto akigoma kuingia darasani.

Mara ya pili niliongeza kurasa 2 nilizoandika mwenyewe. Nilieleza kwamba bukari, yaani ugali, na mboga havipaswi kugusana kwenye sahani yake. Kwamba mvua ikianza anahitaji kukaa pembeni dakika 20 bila kuguswa, kisha hurudi mwenyewe. Kwamba hesabu ndefu za kugawanya anazifanya kichwani, lakini hawezi kusimulia hadithi aliyoisoma. Kwamba huwa anang'ata akivutwa mkono. Niliandika pia kuhusu vituo vya treni. Babu yake alifanya kazi ya reli, na mwanangu anavijua vituo kama wengine wanavyojua sala: Sakania, Lubumbashi, Likasi, Tenke, Luena, Bukama, Kamina. Kwake Kamina maana yake ni kwamba jambo limekwisha na anataka kuondoka. Asiyejua hilo atadhani anapayuka.

Direktere, mkuu wa shule hiyo, alizisoma kurasa zote mbele yangu, akauliza kuhusu kung'ata, akaandika. Nami nikauliza yangu, na wewe uyaulize: darasani wako wangapi, mtoto akivurugika anapelekwa wapi na anakaa na nani, watafundishwa masomo tu au pia useremala na ushonaji, na je, mwishoni kuna cheti kinachotambuliwa na serikali. Shule isiyopenda kuulizwa hivyo isikuchukulie minervali yako, yaani karo. Kisha omba umpeleke mtoto kwanza alasiri, wanafunzi wakiwa wameondoka, aone milango na vyoo pakiwa kimya. Sisi tulikwenda mara 3.

Walimjaribu siku 3. Siku ya mwisho, saa 6 mchana, nilimkuta ameketi karibu na dirisha akipanga vipande vya mbao. Nilimuuliza kama tuondoke. Hakuinua uso. Alisema, "Tenke."

Kwa hiyo, mama, chukua kalamu leo, usingoje mtu mwenye elimu kubwa akuandikie. Mwandike binti yako kama alivyo siku ya kawaida, yale anayoweza na yale yanayokuaibisha, na hasa yale yanayokuaibisha, kwa kuwa mwalimu atayaona tu, na ni afadhali ayajue kutoka kwako kabla hayajatokea. Ukificha, anayeadhibiwa ni mtoto.

Shati la sare mpya nimekwisha kulifua mara 5 ili kitambaa kilegee, na kola nimeikata nikashona upya kwa kitambaa laini, kwa ruhusa ya direktere. Jana alilivaa tangu chakula cha mchana hadi giza lilipoingia.