Jibu: Fahali mshindi ana baba mmoja na mitamba wangu wa Borani

Habari ndugu. Umeuliza kama umtumie fahali aliyeshinda utepe kwenye maonyesho ya Nakuru, ilhali baba yake ndiye aliyezaa mitamba wako wa Borani, aina ya ng'ombe wa nyama.

Mimi ningemwacha. Hao ni ndugu wa baba mmoja, na ndama wao watakuwa na damu iliyorudiana (kurithi kitu kilekile kwa baba na kwa mama) kwa asilimia 12.5. Niliwahi kuvutiwa na utepe hivyohivyo. Ndama walikuwa na sura nzuri, lakini wawili walidumaa na mmoja alipokua hakushika mimba kabisa. Iliniuma sana.

Anza na vyeti vya usajili, ulinganishe vizazi vitatu pande zote mbili. Kisha nenda boma analotoka fahali mwingine unayemfikiria, umwone mama yake na binti zake: viwele vikoje, wanazaa kila mwaka? Ng'ombe wa maonyesho hunenepeshwa hadi mafuta yakaficha kasoro, kwa hiyo mtembeze, umtazame miguu kwa nyuma. Kwa Borani angalia pia govi. Likining'inia sana huchanwa na miiba, na wanawe hulirithi.

Sijawaona mitamba wako, hivyo siwezi kukuchagulia fahali. Weka picha zao za ubavuni na za nyuma tuone wanapungukiwa wapi.