Arlington, Texas bila gari: nilijaribu miezi saba

Mkuu, umeuliza kama mwaka wa kwanza wa chuo unaweza kuishi Arlington bila gari, maana Dar umezoea daladala. Unaweza, ila utateseka.

Arlington ina watu karibu laki nne, iko katikati ya Dallas na Fort Worth, na haina basi la kusubiri kituoni. Dallas wana DART, mabasi na treni zao za umma (ndiyo, jina kama la mwendokasi wa Dar), lakini haifiki huku.

Mimi nilipata kazi kwenye ghala, zamu ya saa kumi na moja alfajiri. Maili tano tu. Kwa miguu hapaendeki: barabara ina njia sita, kuna sehemu huna pa kukanyaga pembeni, na Agosti joto linapita nyuzi 38. Nikawa nachangia mafuta kwa Mkongo mmoja wa zamu yetu, dola 40 kwa wiki. Siku aliyohamishiwa zamu ya usiku, na mimi kazi ikaishia hapo.

Zipo gari ndogo za jiji za kuita kwa simu, mnapanda kwa kushea. Zilianza Desemba 2017, basi pekee lililokuwepo lilipositishwa. Kwa kwenda kununua unga sawa. Kwa alfajiri ile, zilikuwa hazijaanza kazi.

Watu husema Wamarekani wanapenda magari. Labda. Ila wakazi wa hapa walipelekewa kura ya kodi ya usafiri wa umma 1980, 1985 na 2002, wakaikataa mara zote. Mwaka 2004 wakapitisha nyongeza ya kodi ya mauzo, nusu senti kwa kila dola, ili uwanja wa Dallas Cowboys, timu ya mpira wa Kimarekani, ujengwe. Mwenye gari akalipie basi la nani? Asiye nalo naye akipata kazi, mshahara wa kwanza anaupeleka kwenye gari, na kura yake inaenda nalo.

Hata mimi. Nilinunua Corolla kuukuu kwa dola 3,200, bima ndiyo ikaninyonga maana sikuwa na historia ya kuendesha huku. Mwezi haukuisha, habari ya mabasi nikawa siifuatilii tena.

Wewe panga karibu kabisa na chuo, hata kama chumba ni ghali, utembee. Ukifika nitafute. Jumamosi huwa naenda duka la Waafrika, kiti cha nyuma kipo, ila mafuta tutachangia.