Mkuu, usifute hizo RAW!

Weka mausi chini kwanza. Umeuliza habari za kupiga picha za nyota: laptop, programu ya bure, ukijani kwenye picha na mwanga wa taa za mji. Sawa. Lakini katikati umechomekea kwamba diski imejaa, kwa hiyo ukishapata JPEG nzuri, ile picha ya mwisho iliyobanwa, unafuta RAW zote, yaani faili ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera. Kha!

Mimi nilizifuta. Likizo ya Krismasi, Mpwapwa, masika ya kule yameanza, mawingu kila usiku. Siku moja anga likafunguka, kundi la nyota la Orion likapanda, na kufika usiku wa manane ile nebula yake, wingu la gesi na vumbi liitwalo M42, iko utosini kabisa. Nilipiga mpaka betri zikakata.

Nikarudi Dar nikamfuata jamaa mmoja wa video anayejiita mwalimu. Huyo bwana Mungu anamwona. Eti ukimaliza kustaki, yaani kuunganisha picha nyingi za anga lile lile kuwa moja, buruta alama ya weusi, ile inayopanga mwanga gani uhesabike giza tupu, mpaka anga liwe jeusi tii, hifadhi JPEG, futa takataka. Takataka ndiyo RAW zangu! Nikafuta, nikamwaga na pipa lenyewe. Na faili la kustaki pia likaenda, maana mtu hafanyi ujinga nusu.

Kwenye simu picha ilipendeza, kundi la familia wakaniita NASA. Nilipoifungua kwenye kioo kikubwa nikanyamaza. Kitovu, pale zinapokaa nyota za Trapezium, doa jeupe pe. Pembeni, lile vumbi hafifu linaloizunguka nebula, hakuna. Halikujificha, limekufa: ukipitisha weusi ndani ya kile kilima cha histogramu (ule mchoro unaoonyesha mwanga wa picha, giza kushoto, mng'aro kulia), vyote vilivyo chini yake vinakuwa sifuri, na sifuri hata uivute vipi inabaki sifuri. Nikajaribu kuongeza mwanga, anga likatoka mabaka mabaka.

Hesabu yenyewe ni hii. Kamera yangu inaandika RAW ya biti 14, ngazi 16,384 za mwanga. JPEG ni biti 8, ngazi 256 kwa kila rangi. Na nebula karibu yote imebanana upande wa kushoto wa histogramu, kwenye ukanda mwembamba sana. Ukishaiweka kwenye ngazi 256 halafu kesho utake kuivuta upya, utavuta nini?

Kurudia? Nilipotaja kwenda tena Mpwapwa kupiga nyota, mke wangu akauliza huyo Nyota ni binti wa nani.

Kwa hiyo RAW hazifutwi. Diski ikijaa, anza na video za harusi ya shemeji. Ukishastaki, hifadhi FITS, aina ya faili la picha za anga, ya biti 32 kabla hujagusa mwanga, kisha cheza na nakala. Weusi uache mbali kidogo na kilima. Anga la kijivu cha giza halijamuua mtu.

Programu tumia Siril, ya bure, na ina sehemu ya kuondoa ukijani. Huo ukijani usikutie presha, sensa nyingi za rangi zina pikseli mbili za kijani kwa kila moja nyekundu na moja ya bluu. Hata huo utausafisha vizuri ukiwa na faili zako za mwanzo, siyo kwenye JPEG.

Hebu nijibu: umeshafuta au bado? Kama umefuta, usiandike chochote kwenye hiyo diski. Zima mashine sasa hivi, tutafute namna ya kuzirudisha.